Viti vya kitambaa, mchanga na chumvi ya Malindi: nivikinge vipi kabla ya doa la kwanza?

Dereva wa Casuarina aliandika:

Assalam aleikum wenzangu. Nimenunua Toyota Noah, imeshuka Mombasa majuzi tu, na viti vyake ni vya kitambaa, rangi ya kijivu cheupe. Ndani ni safi hadi naona haya kuingia na viatu. Nataka ibaki hivyo. Nauliza mapema kwa sababu nimeziona Noah za wenzangu pale stendi: nje zang'ara, lakini ukifungua mlango wa pembeni hutamani kumkalisha mgeni kwenye kile kiti cha nyuma.

Kazi yangu ni hii. Nachukua wageni uwanja wa ndege wa Malindi, nawapeleka hotelini, Watamu, magofu ya Gede, na jioni Marafa kwenye yale makorongo ya Nyari, jua likianza kuinama. Mwisho wa juma ni harusi. Kwa hiyo gari hili litakutana na kila kitu. Mgeni ametoka kuogelea, nguo zachuruzika, mwili mzima mafuta ya jua, anajitupa kitini. Wa Marafa wanarudi na vumbi jekundu mpaka magotini. Njiani wanataka madafu. Watoto wa harusini wana mabuyu, na rangi ya mabuyu mwaijua. Wanawake wana hina mikononi. Na yuko mteja wangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, kila Ijumaa asubuhi hutoka ufukoni na nguru wake nimpeleke nyumbani. Huyo siwezi kumwambia apande bodaboda.

Nimepewa ushauri wa aina tatu na haupatani. Mmoja asema niziache zile nailoni zilizokuja na gari. Mwingine asema nivalishe reksini, ile ngozi ya bandia, viti vyote. Mamangu asema nitandike leso, basi. Masika yaja na nataka kuamua kabla mvua haijaanza. Wenye ujuzi nisaidieni, na tafadhali mnipe na sababu.

Njia ya Mokowe alijibu:

Waaleikum salaam kaka, hongera kwa gari. Mimi nabeba abiria kutoka Malindi hadi Mokowe, wale wanaokwenda kupanda boti za Lamu, na mizigo yao ni ya kila aina.

Usianzie kwenye viti, anzia chini. Mchanga mwingi huingia kwa miguu, kisha watu wakiteremka na kupanda unatimuliwa hadi kitini. Zile kapeti za kitambaa zitoe, zikung'ute, ziweke nyumbani. Nunua mati za mpira zenye kingo zilizoinuka, za kushika maji yasitambae. Safari ikiisha wazitoa, wazimwaga, wazipiga maji, wazirudisha zikiwa kavu.

Samaki usimkubali ndani ya mfuko peke yake, hata mwenyewe akikuapia amefunga vizuri. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, mifuko tunayopewa sokoni ni ya kitambaa, na ile yachuja maji ya samaki na barafu yote. Nunua besheni lenye mfuniko, likae kwenye buti, liwe la gari. Mzee akifika, mpokee nguru wake wewe mwenyewe kwa mikono miwili umtie beshenini. Hapo hutakuwa umemkataza kitu, umemhudumia. Maji ya samaki yakishuka kwenye sakafu ya gari ni harufu ya miezi, na harufu huioni mahali ilipo ukaisugua.

Kisimani80 alijibu:

Nailoni usitoe. Gari la kaka yangu lina nailoni tangu siku liliponunuliwa na viti ni vipya hadi leo. Chai ikimwagika wapangusa, kwisha. Hayo mengine ni kutafuta gharama.

Mama Makava alijibu:

Waaleikum salaam mwanangu, na nyote mliotangulia. Mimi nashona makava ya viti hapa Malindi. Kazi nilifundishwa na marehemu mjomba wangu, aliyeanza kwa kushona matanga ya majahazi kisha akaingia kwenye makochi na magari. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu viti huletwa kwangu vikiwa vimeshaharibika, na hapo sina la kufanya ila kuuza kitambaa kipya.

Hiyo nailoni itoe. Ndugu yangu hapo juu simpingi kuhusu gari la kaka yake, huenda halibebi watu waliolowa. La kwako litabeba. Maji ya mgeni yatapita kwenye kingo za nailoni na kwenye vitundu vyake, yakae chini yake bila upepo, pamoja na joto la gari lililoegeshwa juani. Ukija kufunua wakuta vidoa vyeusi vya kuvu, na kuvu ikishashuka kwenye sponji haitoki kwa kusugua juu. Nimevua viti vya namna hiyo hapa mezani pangu: kitambaa kizuri kabisa juu, na sponji imeoza harufu.

Reksini mimi naiuza, na kwa gari la samaki au la watoto wa shule ningekushonea leo. Kwa gari la wageni, fikiria mtu wa kaptura anayekalia reksini iliyochomwa na jua la saa nane. Ataomba taulo, na taulo hiyo ndiyo ungeanza nayo.

Sasa nikwambie ninavyoamini mimi. Doa halizuiwi kwa kiti kuwa kigumu. Linazuiwa kwa kuwepo kitu juu ya kiti ambacho waweza kukitoa, ukakifua, ukakianika, na kesho kikarudi. Mamako ana haki. Mimi ningeongeza tabaka moja tu chini ya leso yake: kava la polista iliyofumwa, lenye kubana, rangi ya mchanga au kahawia, la kufuliwa kila baada ya muda. Juu yake leso, ya kutolewa kila jioni. Kwa mtu aliyetoka baharini, taulo juu ya leso. Weka taulo tatu nne kwenye buti na umpe mgeni mkononi kabla hajafungua mlango, kwa tabasamu. Wageni wanalipenda hilo, wanaona ni huduma.

Leso mpya usiitandike moja kwa moja. Nyekundu na nyeusi hasa, zatoa rangi zikiguswa na maji ya bahari, na rangi ya leso kwenye kitambaa cha kijivu ni doa baya kuliko hilo la chai unaloliogopa. Ifue peke yake, uirudie, mpaka maji yatoke meupe. Leso kuukuu ndiyo bora, imeshalainika na inavuta maji.

Jambo la usalama, na hili nawaomba madereva wote mlisikie. Angalia ubavuni mwa viti vya mbele kama kuna kilebo cha eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kama kipo, kava lisipite juu ya mshono ule, kwa maana mfuko hufumukia hapo. Fundi akikwambia haidhuru, tafuta fundi mwingine. Na mikanda ya viti isitiwe Jiki wala dawa kali ya aina yoyote, nyuzi zake hudhoofika. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi, na uiache ikauke ikiwa imevutwa nje.

Nije kwa maji ya bahari, kwa kuwa huku kwetu ndiyo adui mkubwa wa viti. Maji yakikauka chumvi yabaki, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo sababu kiti kinaonekana kikavu mchana, na usiku ukikibonyeza wahisi ubichi. Hakuna dawa ya kupuliza inayoondoa chumvi. Inaondoka kwa maji matamu peke yake. Na maji hayo yasiwe ya kisima cha karibu na ufuo, kwa sababu yenyewe yana chumvi. Tumia ya mfereji, au ya mvua uliyokinga, ambayo masika itakupa bure. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kibonyeze kitini, kiinue. Halafu taulo kavu, uikandamize kwa kiganja na uzito wa mwili mpaka ivute. Rudia. Usimwage maji kitini hata siku moja. Yanashuka kwenye sponji, na yakikauka yanapanda na uchafu wa chini, ndiyo ile pete ya kahawia inayotokea kesho yake pale ulipodhani pamesafika. Tena chini ya viti vya mbele kuna nyaya na viunganishi visivyotaka maji.

Vumbi la Marafa lisiguswe na maji kabla halijatolewa kavu. Ukilipangusa na kitambaa kibichi umelifanya tope, na tope jekundu huingia ndani ya mfumo wa kitambaa likakaa. Liache, lipige kwa kiganja kilichonyooka, litoke, kisha brashi laini, kisha mashine ya kuvuta vumbi. Ule mwanya kati ya mgongo na kikalio ndiko mchanga unakojificha, na pale ni msasa: kila mtu akikaa unakata nyuzi. Kama huna mashine, simama kwa fundi wa pancha umwombe upepo wa kompresa. Elekeza bomba kwenye ule mwanya, milango yote wazi, nawe uvae barakoa. Utashangaa kinachotoka.

Mafuta ya jua nayaweka peke yake, kwa sababu wengi huyatendea kinyume. Mengi yana kemikali iitwayo avobenzoni. Ikikutana na chuma kilichomo kwenye maji ya visima vingi, au kwenye udongo mwekundu huo huo wa Marafa, inageuka rangi ya kutu. Ndiyo yale madoa ya manjano ya chungwa kwenye viti vya wageni, pale mabega na mapaja yanapogusa. Mtu huyaona, hukimbilia Jiki, na Jiki huyakaza zaidi. Fanya hivi: tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza, utoe mafuta. Suuza kwa kubonyeza kama nilivyosema. Ikibaki rangi, maji ya ndimu au siki iliyochanganywa na maji, uiache kidogo, ubonyeze tena na maji matamu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya kiti karibu na sakafu. Lakini leso ikiwepo, haya yote utayafanya kwenye beseni nyumbani, wala si ndani ya gari.

Dereva wa Casuarina alijibu:

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili, na mwenzangu wa Mokowe nakushukuru pia, besheni nanunua leo. Nailoni naitoa.

Mama, nakuomba kwenye mambo mawili. Madafu: nimeona mgeni akimwaga kidogo kwenye gari la rafiki yangu, maji meupe kabisa, tukapangusa, hakukuonekana kitu. Baada ya siku kadhaa pametokea wingu la kahawia. Limetoka wapi? Na hina: biharusi na mashoga zake wanatoka kuchorwa, haijakauka, wako katika furaha yao. Siwezi kuwaambia wakae mikono juu mpaka Watamu. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?

Kijana wa Ngala alijibu:

Samahani Mama, naingilia kidogo. Vipi zile dawa za kupuliza? Mimi natumia Scotchgard ya kampuni ya 3M kwenye viti vya gari la familia. Chanzo chake ni mwaka 1953, Marekani, kwenye maabara alimokuwa mkemia Patsy Sherman. Kemikali waliyokuwa wakiifanyia majaribio ilidondokea kiatu cha turubai cha msaidizi wao, wakashindwa kuitoa kwa maji wala sabuni, na baadaye pale ilipodondokea pakabaki safi huku kiatu kizima kikichafuka. Ndivyo dawa hizi zifanyavyo kazi: nyuzi zinapakwa, maji na mafuta yanabaki juu kwa muda, nawe unapata nafasi ya kuyakausha kabla hayajaingia.

Nipulize juu ya kiti au juu ya kava?

Mama Makava alijibu:

Marahaba mwanangu. Na wewe kijana hujaingilia, umeuliza vizuri. Pulizia vyote viwili, lakini kiti kiwe kimesafishwa na kimekauka kabisa, kwa sababu dawa hiyo ikipita juu ya chumvi na vumbi umevifungia ndani. Milango wazi, kivulini, mbali na moto, uliache gari lilale hivyo. Kujua kama bado ipo, dondosha tone la maji: likisimama duara bado, likinywewa papo hapo imekwisha, rudia. Mahali pa kukaliwa huisha upesi kuliko mgongoni. Na mchanga hauizuii hata kidogo, hilo msidanganyike. Leso usiipulize, iache ivute maji, ndiyo kazi yake.

Madafu. Maji yake na utomvu wa kifuu kichanga vina vitu ambavyo vikikaa hewani hugeuka kahawia, kama tunda lililokatwa. Ni jamii moja na maji ya mabibo, ambayo kila mama wa huku anajua yanavyoharibu nguo za watoto msimu wa korosho. Kwa hiyo doa la dafu lifuatwe likiwa halionekani. Mara tu likimwagika, weka chupa ya maji matamu na taulo karibu: bonyeza, vuta, bonyeza, vuta, hata kama kiti kinaonekana hakina kitu. Ukisubiri ulione ndipo ulisafishe, umeshachelewa nusu ya njia. Likishakuwa kahawia, jaribu siki na maji, na maji yasiwe moto. Hilo wingu kwenye gari la rafiki yako litapungua, sidhani litakwisha lote.

Mabuyu ni hayo hayo, ila ile rangi ni ya kutiwa na inakimbia na mate ya mtoto. Usiisugue, utaipanua. Anzia ukingoni ukija katikati, geuza kitambaa upande msafi kila mara.

Hina nilishughulika nayo sana kwa sababu naijua pande zote mbili, ya magari na ya maharusi. Rangi yake, losoni, hushika ngozi, nywele, sufu na hariri kuliko polista. Hiyo ni bahati yako na ni sababu nyingine ya kuchagua kava la polista. Lakini pamba inashika, na leso ni pamba, basi leso ya maharusi itenge, iwe ni ya hina tu, ikishika rangi haidhuru mtu. Ikidondoka kitini ikiwa mbichi, usipanguse. Nakuomba sana, mkono usiende. Ukipangusa umelichora doa refu. Iache ikauke iwe ganda, likwanguliwe na ncha ya kadi au ukucha, mavumbi yavutwe na mashine, ndipo uje na maji baridi na sabuni. Ikibaki manjano, duka la dawa lina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Jaribu kwanza mafichoni, kisha dondoshea kidogo, subiri, bonyeza na maji. Piko nyeusi ni habari nyingine, ile ni rangi ya nywele na hiyo sijaona ikitoka kitini.

Kuhusu heshima: wewe usiwaambie lolote. Mwambie somo, au yule mwanamke mkubwa aliyekuja nao. Mpe leso mbili safi zilizokunjwa vizuri, umwambie, "Mama, hizi ni za biharusi asiharibu nguo yake." Atamtandikia mapajani na mikono itakaa juu yake. Umelinda nguo ya biharusi kweli, na kiti kikapona. Nimewaambia madereva wengi wafanye hivyo na hakuna mwanamke aliyekasirika.

Kuvu wakati wa mvua: usifunge gari likiwa na watu waliolowa ukalilaza hivyo. Ukimaliza kazi, toa leso na taulo zote, hata zile zinazoonekana kavu, kisha washa kiyoyozi pamoja na joto kwa muda, injini ikiwaka na gari likiwa nje, maana kiyoyozi hukausha hewa. Asubuhi kusi ikivuma fungua milango yote, upande na upande, upepo upite. Ukisikia harufu ya uvundo, nyunyiza bekin soda, ile ya kuokea keki, juu ya kiti kikavu, ilale usiku, uivute asubuhi kwa mashine.

Dereva wa Casuarina alijibu:

Allah akuzidishie, Mama. Nimeelewa, na nimemwonyesha mamangu hapo ulipomtaja, amefurahi mno. Kava nitashona. Leso za zamani anazo sanduku zima. Nipime vipi ili zisiteleze kila mtu akikaa?

Mama Makava alijibu:

Msalimie sana. Leso zinateleza kwa sababu watu huzitandika tu juu. Pima upana wa kikalio, na urefu kuanzia chini ya magoti, upite kikalio, upande mgongo mpaka ukutane na kilalio cha kichwa. Ongeza sentimita 20 katikati, za kusukumwa ndani ya ule mwanya kati ya mgongo na kikalio, na sentimita 10 kila upande za kukunja chini. Upana wa leso unatosha kiti kimoja cha mbele. Cha nyuma unganisha leso mbili kwa mshono bapa, mshono uje katikati ya abiria na abiria. Kisha chukua kipande cha bomba la maji la plastiki, urefu wa mkono, ukifunge kwenye ule mwingilio wa sentimita 20 na ukisukume ndani ya mwanya. Haitoki hata akikaa mtu wa kilo mia. Usisahau kuacha nafasi ya vifungio vya mikanda, vitokeze juu, mtu avipate bila kutafuta. Juu nyuma ya kilalio cha kichwa shona tepu mbili za kufunga, na jioni wafungua fundo moja tu, wavuta, leso yaja yote na mchanga wake ndani. Ikunje kabla hujaitoa mlangoni, usiumwage tena kwenye mati.

Kava lenyewe, leta gari siku isiyo ya mvua, asubuhi, tuvipime viti vyote na tuangalie pamoja hizo lebo za eabegi.